Kompyuta inajiamsha yenyewe usiku? Iulize nani kaiamsha kabla hujamshuku mtu

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni kwa kutumia kompyuta ya mezani ya zamani, ile ya mtumba iliyokaa kona ya duka chini ya rafu za mzigo. Somo ni refu kidogo ila vumilia. Linahusu hela yako ya LUKU, linahusu siri za wateja wako, na kwa mdau mmoja wa Katoro lilihusu kibarua cha mtu.

Tatizo lenyewe ni hivi. Jioni unafunga duka, unaibonyeza kompyuta "Sleep" ili asubuhi uikute Excel ya bei, WhatsApp na picha za mzigo mpya vikiwa wazi vilevile ulivyoviacha. Asubuhi unafungua mlango unaikuta macho. Feni inanguruma, boksi lina joto kama imeshinda kazini, kioo kinawaka. Na hakuna aliyeigusa, au angalau ndivyo unavyoambiwa.

Hapo kila mtu anakuja na lake. Fundi wa mtaani anasema ina virusi, lete hela nipige Windows upya. Jirani ananong'ona mambo ya chuma ulete. Na wewe mwenyewe, kimoyomoyo, unaanza kujiuliza nani analala stoo, nani ana funguo ya pili.

Sasa sikiliza. Kompyuta ya Windows ina kumbukumbu ya kilichoiamsha. Haihitaji fundi wala mganga, inahitaji kuulizwa. Mara nyingi inajibu.

Kwanza uelewe kwa nini mashine za zamani ndizo zenye tabia hii. Nyingi tunazonunua huku, Dell OptiPlex, HP za ofisini, Lenovo ThinkCentre, zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni. Ofisi yenye kompyuta 300 haitaki mtu wa IT apite meza kwa meza. Anakaa kwake usiku, anatuma ishara kwenye waya wa mtandao, kompyuta zote zinaamka, zinapokea masasisho, zinalala tena. Au zimewekewa saa ya kujiwasha kabla wafanyakazi hawajafika. Kompyuta ikishastaafu, ikafutwa na kuletwa sokoni, diski inaweza kuwa imesafishwa kabisa lakini ile mipangilio ya ndani ya bodi bado ipo. Yaani umenunua mfanyakazi mstaafu, na bado anaamka saa za kazini kwake kwa zamani.

IULIZE ASUBUHI, KABLA HUJAIZIMA

Ukiikuta macho, usiizime wala usii-restart, maana baadhi ya majibu yatapotea. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Kwenye lile dirisha jeusi andika:

powercfg /lastwake

Bonyeza Enter. Itakutajia kitu cha mwisho kilichoiamsha. Ikikuandikia "Power Button", kitufe cha kuwashia ndicho kilichofanya kazi: ama kuna mtu kabonyeza, ama kitufe cha zamani kimejaa vumbi kinanata. Ikitaja "USB" au "HID", angalia mausi na kibodi. Ikitaja jina la kadi ya mtandao, mara nyingi Intel au Realtek, ni waya wa intaneti. Ikisema "Wake Timer", kuna programu iliyotega saa.

Ikijibu sifuri au "Unknown", usikate tamaa, mashine kuukuu hufanya hivyo sana. Nenda kwenye daftari lake lenyewe. Andika "Event Viewer" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua "Windows Logs", halafu "System". Upande wa kulia bofya "Filter Current Log", na kwenye "Event sources" tiki "Power-Troubleshooter". Utaona orodha ya kila siku iliyolala na kuamka, na chini ya kila moja kuna "Sleep Time", "Wake Time" na "Wake Source". Zinarudi nyuma wiki nyingi tu.

Hapa kuna mtego, na ndipo kisa cha Katoro kinapoingia.

Mama mmoja anauza vitenge na mashuka kwa oda za WhatsApp, mzigo unashuka kwa basi kutoka Dar, yeye anasambaza mpaka machimboni. Ana binti anayemsaidia, analala chumba cha nyuma ya duka. Kwa wiki mbili mama alikuwa anaikuta kompyuta macho asubuhi, na kipindi hichohicho wateja wawili watatu wakaanza kununua kwingine. Akajumlisha moja na moja: binti anaamka usiku, anafungua WhatsApp ya duka, anachukua namba za wateja. Aliniita si kutengeneza kompyuta. "Fundi, mimi nataka tu nimkamate, mwisho wa mwezi aondoke na ushahidi."

Nikamfungulia lile daftari. Akasoma mwenyewe: Wake Time, tarehe fulani, halafu 23:00. "Si unaona! Saa tano usiku. Saa tano yeye huwa bado yuko macho anachati."

Nikamwambia, mama, hiyo saa yenye herufi Z mwishoni siyo ya kwetu, ni ya Greenwich. Sisi tuko mbele kwa masaa 3. Ongeza. Ikawa saa 8 usiku. Tukatazama juu, kwenye safu ya "Date and Time", ambayo yenyewe inaandika saa ya hapa: 2:00 AM. Saa nane ileile. Tukashuka chini: jana yake saa 8 usiku, juzi saa 8 usiku, usiku kumi na moja mfululizo, tofauti ni sekunde tu. Na kwenye "Wake Source" imeandikwa "Timer".

Hakuna binadamu anayeamka saa 8 kamili kila usiku kwa siku kumi na moja. Hata mlinzi wa zamu anasinzia. Mama alikaa kimya muda, akaita chai. Sikusikia akimwomba binti radhi, na sikuuliza, lakini mwezi uliisha na binti bado yupo dukani. Wale wateja walioondoka nao nikamwambia akaangalie bei za majirani zake, ila hilo si la fundi.

SAA NANE USIKU NI SAA YA NANI?

Ni ya Windows yenyewe. Windows 10 ina kazi inaitwa "Automatic Maintenance": inakagua diski, inaangalia masasisho, inapekua virusi. Muda wake wa kawaida ni 2:00 AM, yaani saa 8 usiku wetu, na inaruhusiwa kuiamsha kompyuta.

Usiizime kazi hiyo, ina faida. Iondolee tu ruhusa ya kuamsha. Fungua "Control Panel", kisha "Security and Maintenance", panua "Maintenance", bofya "Change maintenance settings". Toa tiki kwenye "Allow scheduled maintenance to wake up my computer at the scheduled time". Hapohapo badili muda, weka ule mchana ambao unakwenda kula na kompyuta imekaa bure.

Kisha funga mlango mkubwa zaidi. "Control Panel", "Power Options", "Change plan settings", "Change advanced power settings". Tafuta "Sleep", ndani yake "Allow wake timers", weka "Disable". Kuna chaguo la katikati linaitwa "Important Wake Timers Only". Usilichague, maana masasisho ya Windows huwa yanajihesabu kuwa ni muhimu.

Ukitaka kujua nani mwingine ametega saa, andika:

powercfg /waketimers

Na kama tatizo siyo kuamka bali kutorudi kulala, andika powercfg /requests. Kikawaida ikiamshwa na saa ya matengenezo ikamaliza kazi inatakiwa ilale tena. Ikibaki macho hadi asubuhi kuna kitu kinaishikilia, mara nyingi kivinjari kilichoachwa na video au muziki. Funga hizo kurasa kabla ya kufunga duka.

MAUSI, MALORI NA PANYA

Andika hii uone vyote vilivyopewa ruhusa ya kuiamsha:

powercfg /devicequery wake_armed

Kama mausi imo, itoe. Mausi ya taa haihitaji kubonyezwa, inahitaji kutikiswa kidogo tu. Mdau wa Kahama, Masumbwe au Ushirombo mwenye duka pembeni ya barabara kuu anajua malori ya Rwanda na Burundi yanavyopita usiku kucha, vyombo vinalia kwenye kabati. Meza ikitikisika na mausi imetikisika. Kwa wa karibu na migodi, baruti nazo. Juu ya meza ya kioo ndiyo mbaya zaidi, maana taa ya mausi inachanganyikiwa hata bila mtikisiko.

Na kama unaweka mchele au karanga stoo hiyohiyo, panya akikatiza juu ya kibodi kompyuta haijui kama ni panya au ni wewe. Usicheke, nimeshakuta vinyesi katikati ya vitufe. Ukifunga jioni ifunike kibodi kwa kitambaa au iegemeze ukutani.

Kuiondolea mausi ruhusa: fungua "Device Manager", "Mice and other pointing devices", bofya mara mbili jina lake, nenda "Power Management", toa tiki kwenye "Allow this device to wake the computer". Ukipenda njia ya amri, andika powercfg /devicedisablewake kisha jina la kifaa ndani ya alama za nukuu, kama lilivyoandikwa kwenye orodha bila kukosea herufi. Kibodi unaweza kuiacha ili ikuamshie asubuhi. Hata ukitoa vyote viwili, kitufe cha kuwashia kinabaki.

Kadi ya mtandao ni hivyohivyo, iko chini ya "Network adapters". Kama hutumii waya wa ruta, unatumia bando la simu tu, hii siyo yako, pita. Kama unatumia waya, toa ruhusa ya kuamsha kabisa. Hakuna mtu wa IT wa kukuamshia kompyuta yako ya Geita usiku.

UMEME UKIRUDI USIKU

Hili ndilo linalotusumbua zaidi ukanda wetu, na watu wengi wanalichanganya na kuamka. Usiku wa mvua na radi umeme unakatika, unarudi saa 9 usiku. Asubuhi unakuta kompyuta inawaka. Haikuamka, imewashwa upya na umeme wenyewe, na hapo powercfg haitakusaidia kitu.

Dalili zake: WhatsApp, Excel na vyote ulivyoacha wazi vimefungwa, iko kwenye ukurasa wa kuingilia. Kwenye "Event Viewer" ukiondoa ule mchujo utakuta alama nyekundu, chanzo "Kernel-Power", namba 41. Hiyo maana yake ilizimika bila kuzimwa vizuri, na kukatika kwa umeme ni moja ya sababu. Ukikuta 41, usimuulize mtu wa dukani, waulize majirani kama umeme ulikatika.

Dawa iko ndani ya BIOS. Zima, washa, halafu gongagonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo ThinkCentre. Kwa Dell tafuta "AC Recovery", weka "Power Off". Kwa HP inaitwa "After Power Loss", weka "Off". Ukiwa humohumo angalia "Auto On Time" kama kuna ratiba imebaki ya ofisi ya zamani, izime, na "Wake on LAN" nayo izime. Usiguse kitu kingine. Hifadhi, toka.

Hasara ya hapa siyo ya kujiwasha tu. Kompyuta ikiwa "Sleep", kazi yako imekaa kwenye RAM, na RAM bila umeme haikumbuki chochote. Kwa hiyo ile tabia ya kuilaza kisha kuzima soketi ya ukutani ili kubana LUKU ni sawasawa na kukatikiwa umeme kila jioni. Kuna mpangilio unaitwa "Allow hybrid sleep" unaoweka nakala kwenye diski pia. Kwenye kompyuta za mezani mara nyingi umewashwa, lakini uhakikishe, uko sehemu ileile ya "Sleep" tuliyopita.

Mimi kwa mazingira yetu napendelea "Hibernate". Inaandika kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. Kama huioni kwenye menyu, nenda "Power Options", "Choose what the power buttons do", "Change settings that are currently unavailable", tiki "Hibernate". Kama hata hapo haipo, kwenye dirisha jeusi andika powercfg /hibernate on. Jioni bonyeza "Hibernate", subiri feni inyamaze kabisa, ndipo uzime soketi. Hapo hakuna saa, lori wala panya atakayeiamsha, na asubuhi Excel yako iko palepale. Ubaya wake: mashine yenye diski ya zamani inayozunguka itachukua muda kuamka. Ukiwa na SSD ni sekunde chache.

Hesabu ya LUKU nayo ni hii. Tuseme mashine na kioo vinakula wati 60 vikiwa macho bila kazi. Kuanzia saa 8 usiku hadi saa 2 asubuhi ni masaa 6, sawa na yuniti 0.36. Kwa mwezi ni karibu yuniti 11. Zidisha kwa bei unayonunulia wewe. Siyo pesa ya kukufilisi, ila ni nauli kadhaa za bodaboda za kupeleka oda.

Kinachoniumiza kichwa mimi siyo yuniti, ni kioo kuwaka bila password. Kompyuta iliyoamka saa 8 usiku ikiwa na WhatsApp wazi inamwonyesha yeyote aliyepo majina ya wateja, namba zao, anwani, na picha za miamala walizokutumia. Nenda "Settings", "Accounts", "Sign-in options", pale penye swali la lini Windows idai password tena, weka "When PC wakes up from sleep". Fanya hili hata kama kompyuta yako haina tatizo lolote. Na kama una msaidizi, mtengenezee akaunti yake. Siku kikiharibika kitu, kila mtu ana jina lake kwenye kumbukumbu, na hiyo inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe.

La mwisho ni betri. Kama ulibadilisha mambo ya BIOS, baada ya wiki yamerudi yalivyokuwa, na saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila ukichomoa waya, betri ndogo ya kwenye bodi imekufa. Utaijua pia kwa sababu kivinjari kitakataa kufungua kurasa kikilalamika kuhusu tarehe. Ni CR2032, duara bapa kama sarafu, volti 3, inauzwa kwenye maduka ya saa na hata kwa wanaotengeneza mizani midogo ya kidijitali. Chomoa waya wa umeme kwanza, fungua boksi, sukuma kile kibanio taratibu, weka mpya upande wenye maandishi ukitazama kama wa zamani ulivyokuwa. Kisha rudi BIOS, weka tarehe, na urudie ile mipangilio ya umeme kurudi. Unaozima soketi kila usiku betri hii kwenu itaisha mapema zaidi, kwa hiyo nunueni mbili.